Mbuzi wa Mahari na Asali ya Mahari

Mwanangu, nivumilie. Mwandiko wangu umepinda na maneno mengine huenda nimeyakosea. Shule niliiacha mapema na mkono wangu ni mzito.

Nakumbuka miaka ya hamsini, nikiwa msichana wa haya, hata salamu naitikia nikitazama chini. Kijana wa Ruiru aitwaye Njoroge alikuja kwetu Thika kuniposa, nami nikampenda. Lakini kwetu mahari haizungumzwi bila pombe ya asali, na Baba alitaka asali ya mizinga ya Njoroge mwenyewe.

Mizinga alikuwa nayo. Alikuwa pia na mbuzi wa mahari, aliowanunua mmoja mmoja, akawalisha kwenye mteremko ule ule wa karibu na nyumbani kutwa nzima, wasije wakapotea. Msimu ulipofika, akapakua masega makavu, yasiyo na asali.

Baba akasema, "Basi. Kuna mwingine anayekuposa, na huyo asali anayo."

Nililia jikoni. Cucu, mama yake Baba, ambaye marehemu mumewe alikuwa mrina asali, akanishika mkono tukapanda gari moshi hadi Ruiru.

"Nyuki wangu wamerogwa, Cucu," Njoroge akasema.

"Wamerogwa na mbuzi wako! Kwani unaoa msichana au unaoa mbuzi?"

Akatupeleka mteremkoni. Vichaka vilivyotafunwa kila siku vilikuwa na maua machache, madogo kama yaliyofinywa. Nyuki alikuja, akapita juu, akaenda zake. Ng'ambo ya kijito, ambako mbuzi walipita mara moja tu kabla ya mvua iliyopita, matawi mapya yalikuwa yamechipua kila upande, maua tele, nyuki wanavuma.

"Mbuzi hana kosa," Cucu akasema. "Akila akaondoka, kichaka kinachipua. Akishinda hapo hapo, maua yanadhoofika na nyuki hayataki. Wahamishe."

"Na baba yake huyu je?" Njoroge akauliza, akinionyesha mimi.

"Huyo nimemzaa mimi. Atangoja mvua ijayo."

Baba akangoja, akinung'unika. Njoroge akawahamisha mbuzi wake huku na huku. Mvua ikanyesha, mteremko ukachanua, mizinga ikawa mizito. Siku Baba alipoionja pombe ile, alifuta ndevu taratibu, akasema, "Haya, waleteni hao mbuzi."

Namshukuru Cucu kila asubuhi ninapomwekea Njoroge chai.

Mwanangu, hata kama una ploti ndogo tu na mbuzi wawili, usiwafunge mahali pamoja mpaka pabaki mavumbi. Wape upande mmoja, upande mwingine upumzike uchanue. Maboga na maharagwe yako yanamngoja nyuki, na nyuki anangoja hayo maua. Na ukiona kitu chako kimeharibika, usikimbilie kusema umerogwa; toka kwanza ukatazame.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake, na nyumba yenye amani kama aliyonipa mimi. Tafadhali niandikie, uniambie huko kwenu nyuki wanatua kwenye maua gani. Nitasoma polepole, lakini nitasoma yote.