Kofia Yangu Kichwani mwa Wakili

Lililoninyima usingizi wiki ile ni swali ambalo mtu mwingine angelicheka: je, kiongozi wa chama alipomvika Wakili kofia yangu, alikuwa anamtawaza, au alikuwa anamfunika kichwa tu?

Kiongozi wetu alikuwa ametangaza kwamba hatawania urais tena, na hakusema nani atapeperusha bendera ya chama baada yake. Waliobaki midomoni mwa watu ni wawili. Mmoja tulimwita Wakili na mwingine Daktari, kwa kazi walizozifanya kabla ya siasa. Tangu hapo, Likoni hakukuzungumzwa jingine. Ukienda kununua mbaazi na mahamri asubuhi, unaulizwa wewe ni wa nani. Ukikaa kunyolewa, wembe uko shingoni, kinyozi naye anakuuliza wewe ni wa nani.

Kisha yakaja maulidi ya Mtongwe, wadi yetu ya Likoni. Mama mdogo, aliyezaliwa na mamangu tumbo moja, alikuwa anatafuta tiketi ya chama ili agombee kiti cha mwakilishi wa wadi, na mimi alikuwa amenifanya katibu wake. Nilikuwa nimemaliza chuo. Shahada yangu ya sayansi ya siasa ilikuwa ndani ya bahasha juu ya kabati, kazi sina, nakaa kwake, nakula kwake. Siku ya maulidi nilisimama mlangoni mwa hema kupokea wageni, nimevaa kanzu na kofia ya vito, ile ya matundu ya sindano, aliyonishonea bibi, mamake mama mdogo, nilipohitimu. Kofia ile haikununuliwa dukani. Bibi alinizungushia uzi kichwani, akaukata palipokutana, akauhifadhi katika kikopo chake cha sindano, kisha kila akimaliza kuswali alasiri akawa anakaa mkekani anashona, tundu baada ya tundu, mpaka macho yakamwuma.

Kiongozi aliwasili, Wakili yuko nyuma yake, kichwa wazi. Daktari hakuja, ilisemekana yuko safarini. Walipokaribia mlango, msaidizi wa kiongozi aligundua kwamba Wakili hana kofia, na kule ndani masheikh wamekwisha keti. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaniona mimi.

"Samahani kidogo, kijana," akasema, na kabla sijaitika kofia ilikuwa mkononi mwake.

Akampa kiongozi, aliyekuwa katikati yao. Kiongozi akageuka, akatabasamu, akamvika Wakili. Kamera zikawaka. Mimi nikabaki pale mlangoni na kichwa changu kitupu, nikiendelea kuwakaribisha watu.

Kufikia magharibi picha ile ilikuwa katika kila simu. Kesho yake, kwenye baraza tunapokunywa kahawa, mjadala ulikuwa umefungwa kabla sijakaa.

"Mambo yamekwisha," alisema muuza kahawa, akisuuza vikombe. "Kumvika mtu kofia, mbele ya masheikh, siku ya maulidi. Wataka ishara gani nyingine?"

"Wewe si ulikuwa wa Daktari hadi juzi?" dereva mmoja wa malori ya bandarini akamuuliza.

"Juzi hakukuwa na kofia."

Watu wakacheka. Dereva akanigeukia. "Hebu tumuulize Profesa, yeye ndiye aliyesomea mambo haya. Profesa, ni nani?"

"Ni mapema kusema," nikajibu.

"Miaka yote ile chuoni, jibu ndilo hilo? Hata paka wa hapa angetujibu vivyo hivyo, na yeye hatukumchangia karo."

Muuza kahawa akanimiminia kikombe. "Msimuonee. Lakini Profesa, wewe ulikuwapo mlangoni. Alimvika vipi? Kwa mkono wa kulia?"

"Kwa mikono miwili."

"Mikono miwili," akarudia polepole, akiwatazama wenzake mmoja mmoja. "Wallahi yamekwisha."

Pale ndipo ningesema kwamba kofia ni yangu. Maneno yalifika hadi ulimini, nikayameza pamoja na kahawa. Nilijiambia kwamba huenda hayana maana. Lakini nilipofika nyumbani nikamkuta mama mdogo ameshika simu anazungumza na mchapishaji wa mabango, na nikasikia akisema, "Pembeni niwekee Wakili. Naam, ile picha ya kofia."

Huku kwetu mtu hagombei peke yake. Kwenye bango sura yako inakuwa katikati, na juu pembeni, ndani ya duara, inakuwa sura ya mkubwa unayemfuata. Wasomaji huanzia kwenye duara. Wakubwa wa chama nao husoma hapo hapo, na mchujo ukifika hukumbuka. Jirani yetu mmoja, uchaguzi uliopita, alikosea duara. Siku ya mchujo jina lake halikuonekana kwenye karatasi za kura, na mpaka leo hajui lilipotelea wapi. Mabango yaliyobaki ameyaezekea banda la kuku. Ukipita uani kwake yule mkubwa anakuchungulia kati ya matetea.

Mama mdogo alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea. Hakuna nyumba ya Mtongwe ambayo hajaingia kupima mtoto au kumfuatilia mgonjwa wa kifua anayekwepa dawa. Uchaguzi uliopita aliambiwa ampishe mwanamume mmoja, zamu yake itafuata. Akampisha. Sasa zamu ilikuwa imefika, na alijua kwamba mwanamke hupishwa mara moja tu, kama hupishwa. Tiketi ikimponyoka safari hii, basi. Na alikuwa anaitundika tiketi hiyo kwenye kofia iliyotoka kichwani mwangu.

Nilianza kuichunguza video ya maulidi kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Nilitazama macho ya kiongozi. Je, alimwashiria msaidizi kwanza, au msaidizi alijifanyia? Kama alimwashiria, basi alikusudia. Lakini anayekusudia kumvika mtu kofia si angekuja nayo tayari? Labda hakuja nayo makusudi, ili ionekane imetokea tu. Lakini mbona alitabasamu vile? Labda alitabasamu kwa sababu ya kamera. Labda alimcheka Wakili, maana kofia ilimkaa utosini kama kifuniko cha birika. Wakili ana kichwa kikubwa, na uzi wa bibi ulipimwa changu. Nikaona hilo ni jambo. Wazee wetu wakitaka kumtunuku mtu kofia humpima kwanza. Kisha nikajiuliza: kiongozi mwenyewe ni mtu wa bara, angejua?

Kila nilipopata jibu nilipata na la kulipinga. Nikimwambia mama mdogo, naye akamwondoa Wakili bangoni, halafu Wakili akateuliwa kwenye mkutano mkuu wa wajumbe, nitakuwa nimemwangusha mimi. Nisipomwambia, na Daktari akateuliwa, nitakuwa nimemwangusha mimi vilevile, ila kwa kunyamaza. Nilikuwa nasikia mlango wa chumba chake ukifunguka alfajiri, maji ya kutawadha yakimwagika, naye anakohoa kidogo, nami najifanya nimelala, kana kwamba anakuja kuniuliza.

Aliyeuliza ni bibi. Ijumaa asubuhi aliniona natoka kwenda kuoga, akaniita.

"Naam, bibi."

"Leo Ijumaa. Ile kofia yako i wapi? Sijaiona kambani wala kichwani."

"Ipo, bibi."

"Ipo wapi?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali, kisha akanirudishia.

"Hakukuomba?"

"Msaidizi alisema samahani."

"Na hakuirudisha."

"Hakuirudisha."

"Haya," akasema. Akainama kutafuta tasbihi yake. Hakusema lolote juu ya urais, na sidhani alilifikiria. Lakini lile "hakuirudisha" lilinishika. Watu wote wale walikuwa wamepanga mustakabali wa nchi juu ya kofia ile, na mwenyewe aliyevikwa hakujua ni ya nani, wala hakuuliza.

Baada ya swala, kamati ya mama mdogo ilikutana sebuleni kwetu. Mchapishaji alikuwa amesema anataka kauli ya mwisho kabla ya alasiri, la sivyo mabango hayatawahi mkutano wa Jumapili uwanjani. Walikuwapo akina mama wa kikundi chake cha wahudumu wa afya, na mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mstaafu wa bandari ambaye amepitia kampeni nyingi na hupenda kukumbusha watu hivyo. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango na kompyuta mapajani, naandika yaliyosemwa.

"Basi tumekubaliana," mwenyekiti akasema. "Duara ni la Wakili. Katibu, mpigie mchapishaji."

Nikasema, "Nina neno."

"Sema, baba," mama mdogo akasema.

"Ile kofia ni yangu."

Mwenyekiti akaniangalia kama anayemwangalia mtu aliyesema kwamba mvua ni yake. Nikawaeleza yote: Wakili alivyokuja kichwa wazi, msaidizi alivyonivua kofia, jinsi kiongozi alivyokuwa katikati yao tu. Nilisema haraka mpaka nikamaliza.

"Kwa hivyo wewe wasema ni Daktari," mwenyekiti akasema.

"Sisemi ni Daktari."

"Basi wasema nini? Maana hapa watu wana duara la kujaza."

"Nasema ile haikuwa ishara. Atakayeteuliwa simjui. Yaweza kuwa Wakili. Lakini hatulijui hilo kwa sababu ya kofia."

"Ah. Umesubiri mpaka saa hii kuja kutuambia kwamba hujui?" Akawageukia akina mama. "Hii ndiyo elimu. Sisi wengine tulikuwa hatujui bila kusoma."

Mmoja wao akacheka, akajizuia. Mama mdogo hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, na uso wake sikuweza kuusoma, mimi niliyeshinda wiki nzima nikisoma uso wa mtu kwenye video.

"Umeisema lini kofia hii, na kwa nani?" akaniuliza.

"Sasa. Kwako kwanza."

"Na kama mambo ni hivyo, wewe ungeniweka na nani kwenye bango?"

Mwenyekiti akataka kuingilia. Akamzuia kwa kiganja. "La, mzee wangu, kwa heshima. Yeye ndiye katibu. Bango ni kazi yake. Nataka aseme yeye."

Ningeweza kusema tungoje. Kungoja ndio ubingwa wangu. Kusema Wakili kungemfurahisha mwenyekiti, na kama ningetaja jina la Daktari ningeonekana nina siri ninayoijua. Niliyafikiria yote matatu, nikayarudia tena, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikaona kwamba yote yanategemea kichwa cha mtu ambaye hayumo sebuleni. Waliokuwamo ni akina mama wale, waliomjua mama mdogo kwa kazi yake, na mizani ya kupimia watoto ilikuwa imeegemea ukuta nyuma ya mlango, mshipi wake umechakaa kwa kutundikwa.

"Nitakwenda mwenyewe kwa mchapishaji," nikasema. "Duara litoke."

"Bango bila mkubwa," mwenyekiti akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. "Watasema ana kiburi. Mchujoni watamkata."

"Wanaweza kumkata," nikasema.

Mama mdogo akanyoosha mtandio wake. "Uchaguzi ule mwingine niliwasikiliza, na nilikatwa bila hata bango," akasema. "Nenda."

Duka la mchapishaji liko karibu na feri, chumba kimoja chenye mashine kubwa na harufu ya wino. Kijimkutano cha wateja kilikuwa mlangoni, wagombea na watu wao, kila mmoja ameshika picha ya mkubwa wake kwenye simu. Wengi walikuwa na ile ya kofia. Mchapishaji akafungua bango letu kwenye kompyuta. Mama mdogo alikuwa katikati na mizani yake begani. Juu pembeni Wakili alitabasamu ndani ya duara, kofia yangu iko utosini.

"Nipige chapa?" akaniuliza.

"Toa hilo duara."

"Nimweke Daktari?" Akashusha sauti. "Mumesikia kitu?"

Watu wa mlangoni wakageuza shingo wote pamoja.

"Hatukusikia kitu," nikasema. "Toa tu."

"Na pale pembeni patakuwa patupu?"

"Jina lake lipande hadi hapo. Likuze."

Akanitazama, akaitazama tena skrini, akatikisa kichwa. Kisha duara likatoweka, na jina la mama mdogo likapanda na kutanuka mpaka likashika upana wote wa bango. Aliniuliza mara nyingine kama nina hakika. Sikuwa nayo, lakini nikamwambia apige, na nikasimama pale mpaka kitambaa cha kwanza kikatoka kwenye mashine, wino ungali mbichi, nikakipokea kwa mikono miwili.