Nilinyamaza, Mwinshehe Akaambiwa Alilala

Nimemponza mtu. Nilikosea mara mbili: kwanza kwa kujisifu, kisha kwa kunyamaza. Huku kunyamaza ndiko kunakonitesa uzeeni.

Miaka ile viwanda vya umma vilikuwa vinauzwa, na cha kwetu cha sabuni, hapa Morogoro, kikachukuliwa na mwekezaji. Watu walikuwa wanapunguzwa. Mimi nilikuwa fundi wa vipimo mwenye elimu ya sekondari tu, nikajua zamu yangu inakuja.

Mwekezaji alileta kompyuta mpya. Kumbe kadi iliyopokea vipimo vya joto la tangi la sabuni ilikuwa na draiva, yaani programu ya kuiunganisha na kompyuta, ya mfumo endeshi wa zamani peke yake. Kwenye mfumo mpya haikusoma kitu. Meneja akauliza nani anaweza kuandika nyingine. Nikasema mimi.

Uongo mtupu. Nilichokuwa nacho ni sidii niliyopewa na rafiki wa Dar, yenye zana ya kutengenezea draiva. Unaieleza kadi yako ilivyo, yenyewe inakuandikia draiva inayokubali kwenye mfumo huu na ule. Lakini ilikuwa ya majaribio. Kompyuta ikikaa muda mrefu bila kuzimwa, draiva inaacha kazi bila kutoa onyo. Namba ya mwisho inabaki kwenye skrini, imetulia kabisa. Niliiona ikiganda hivyo mezani kwangu.

Ningemwomba meneja anunue iliyo kamili, angenunua. Ila nilishamwambia nimeiandika kwa akili yangu, na alishanisifu mbele ya wenzangu.

Nikatafuta ujanja. Nikamwambia mpishi wa sabuni, Mwinshehe, Mluguru wa Kinole, awe anaizima na kuiwasha kompyuta kila wanapokwenda kunywa chai na kula mchana. Akauliza sababu. Nikamdanganya kwamba inapata moto.

"Kweli hii ya Kinyamwezi kama wewe, mtani," akacheka. "Bila chai haiendi."

Akafanya hivyo kila siku. Joto likifika kiwango, anafunga koki ya mvuke unaopasha tangi, maisha yanaendelea.

Ramadhani ikaingia. Wapishi wakaomba wafanye kazi mfululizo bila mapumziko, ili watoke mapema. Meneja akakubali, nami nipo pale nasikia. Mimi ni Mkristo. Nilichowaza ni mahali pa kunywea chai yangu bila kuwakwaza waliofunga.

Siku ya kwanza ya mfungo nilikuwa stoo na kikombe na kitumbua. Kupitia dirisha nikaona mvuke umekuwa mzito juu ya paa la jiko la sabuni. Nikaendelea kutafuna. Halafu nikakumbuka: leo hakuna aliyekwenda chai!

Nilikimbia. Skrini ilionyesha joto la kawaida tu, na koki ilikuwa wazi. Mwinshehe alishapanda jukwaani kumwaga chumvi ya kutenganisha sabuni na maji, kama namba ya joto ilivyomruhusu. Nikamwita. Aligeuka kunitazama, akasikia tangi linanguruma, akaligeukia. Sabuni ile ina kostiki, dawa inayochoma. Ikafurika, ikampata usoni.

Hakuona tena.

Kabla ya kikao cha kuchunguza ajali niliizima kompyuta na kuiwasha. Ikasoma vizuri. Meneja akasema mashine ni nzima, mpishi alikuwa amefunga, njaa ikamletea usingizi. Kisha akanigeukia.

"Fundi, ina tatizo lolote?"

"Haina."

Mwinshehe alifukuzwa kazi kwa uzembe, bila kulipwa haki zake. Mkewe akamshika mkono wakarudi Kinole. Mimi sikupunguzwa. Lakini ukiishi Morogoro huwezi kuikwepa milima ya Uluguru. Kila asubuhi nikifungua dirisha naiona imesimama pale, na huko juu najua yupo.

Mwaka huu nimepanda. Nilimkuta barazani akichambua pilipili manga kwa vidole. Alinitambua kwa sauti tu. Nikamweleza yote. Aliendelea kuchambua mpaka mkewe akachungulia kuona kama bado nipo.

"Mtani," akasema, "wanangu wakiulizwa, wanajibu baba alilala. Niliwafundisha mimi. Mimi mwenyewe nilishaamini kwamba nililala."

Nikamwomba msamaha. Hakunipa. Alisema niwaambie watu, na jina lake nilitaje.

Nimelitaja. Langu nimelificha, woga ule ule!

Ninyi mnaoandika programu za kuendesha mitambo, kama kuna mahali mnajua itakwama, na mnajua peke yenu, semeni leo. Semeni hata kama mmeshasifiwa. Mimi nilikwepa aibu ya siku moja, na mtu amezeeka gizani akijilaumu kwa kosa langu.