Ubeti wa Kuwarudisha

Nilipokuwa mtoto wa darasa la sita hapa Kakamega, niliwaita wafu wa watu wengine, kisha nikawaacha.

Mwalimu Kadzo alikuwa ametoka Kilifi. Kwa ajili ya mashindano ya muziki alitufundisha ngoma ya kwao Wagiriama: mabega, viuno, na kayamba, yale matete yaliyoshonwa pamoja, mbegu zikichezacheza ndani. Mwimbishaji nilikuwa mimi. Wimbo ulisimulia safari ya wazee wao kutoka Singwaya, ukiwataja mmoja mmoja. Jina la mwisho, aliloliongeza mwalimu, lilikuwa la mama yake mwenyewe, aliyezikwa mwaka ule ule. Halafu ulifuata ubeti wa kuwaaga warudi walikolala.

Bibi yangu, Kukhu, alinisikia nikifanya mazoezi huku nikipukuchua mahindi. Hakufurahi.

"Sisi mtoto akilia sana tunaitanga majina ya wafu mpaka anyamaze," alisema. "Lakini huyo mmoja aliyemnyamazisha tunampatianga mtoto jina lake, anakaa kwake. Nyinyi mnaita wengi hivyo. Mnawaweka wapi?"

"Kuna ubeti wa kuwarudisha, Kukhu."

"Basi usisahau huo."

Sikuusahau, na hapo ndipo penye aibu yangu. Jukwaani, tulipofika kwenye jina la mama yake mwalimu, mtunza muda aliinua kibendera. Kuzidisha dakika kulikuwa kupoteza alama. Mwalimu, kando ya pazia, alinipungia mkono niendelee. Nilimwona vizuri kabisa. Lakini nilikuwa na uchu wa kombe, nikapuliza filimbi ya kutoka kabla ya ubeti ule, tukatoka tukicheza. Tulishinda.

"Hukuona nikikuashiria?" aliniuliza baadaye.

"Sikuona, mwalimu."

Wiki iliyofuata kayamba lilianza kulia stoo, mchana, mlango umefungwa. Mwalimu mkuu alisema ni panya wanatafuta mbegu, na huenda alisema kweli. Siku moja nilitumwa chaki huko, nikamkuta Mwalimu Kadzo ameketi, mikono mapajani. Kayamba lilikuwa limetundikwa ukutani, nalo lilikuwa likilia taratibu.

"Mama bado yuko hapa," alisema, bila hasira. "Mimi nikimwimbia hasikii. Aliyemwita ni wewe."

Nilifungua mdomo. Ubeti niliouimba muhula mzima ulikuwa umefutika, sikukumbuka hata neno la kwanza. Nililia. Alinishika kichwa, akanipa chaki. Shule ilipofungwa alihama, na hatukusikia tena habari zake.

Mwaka huu, nikiwa peke yangu jikoni nachambua mboga, ubeti wote ulinijia mdomoni. Niliuimba mpaka mwisho, nikamtaja mama yule kwa jina, nikakiri kwa sauti kwamba nilimwona mwanawe akinipungia. Kisha nikafungua mlango, nikasimama kando kumpisha. Nilisimama muda mrefu. Naona haya kusema hivi, mimi mtu wa kanisa, lakini sijui kama alitoka.