Moja na Nukta Mbili ya Teodora

Miaka kumi na moja Teodora wa Mabatini alikuwa akifunga programu ya kadi za kliniki kwenye vifurushi vya Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, ili kompyuta za zahanati zijichukulie zenyewe toleo jipya, na hakuwahi kukosea namba ya toleo hata moja. Alijivunia hilo, tena kwa sauti. Venant wa Bukoba, mfungaji mwenzake, alipokosea akalazimika kubandika moja na nukta mbili mbele ya toleo lake, Teodora alimcheka: "Hiyo moja yako utazikwa nayo." Maana alama ile huiambia kompyuta isahau hesabu ya zamani na kuliona toleo hilo jipya kuliko yote yaliyotangulia, na ikishawekwa haitoki. Matoleo yote yajayo huibeba.

Miezi miwili iliyopita, macho yamechoka, aliandika 24 badala ya 2.4. Toleo lenyewe lilikuwa na kasoro, likisogeza tarehe za chanjo wiki moja mbele. Ilipojulikana, walioandika programu waliirekebisha, naye akatoa 2.5. Kompyuta zikaikataa. Kwazo 24 ni kubwa, na kubwa ndiyo mpya.

Siku tatu akazipigia simu zahanati moja moja, akiwaelekeza kulitoa toleo baya kwa mkono. Zilikuwa arobaini. Alimaliza sita, koo limekauka.

Asubuhi ya siku ya nne akapiga simu Rebeka, muuguzi wa zahanati moja kule Usagara.

"Shikamoo dada Teo."

"Marahaba. Najua unachotaka."

"Si uandike ishirini na tano, tumalize?"

"Namba si yangu, ni ya walioandika programu. Mimi nafunga tu."

"Basi weka kile kidude cha mbele, ulichomchekea Venant."

"Kile hakitoki, Rebeka. Hata nife."

"Haya, ona aibu ya namba. Jana mama kaleta kichanga, chanjo imempita wiki nzima. Kanionyesha kadi: 'Si mliandika ninyi?' Nimjibu nini, kwamba dada Teo hataki kuchekwa?"

Teodora aliitazama orodha: zahanati thelathini na nne bado. Akaivuta kompyuta, akaandika 1:2.5, akatuma.

Saa nne Rebeka akapiga tena. "Imeingia. Kadi ya kwanza nimeitoa sasa hivi, tarehe iko sawa."

"Haya mama."

Kabla Venant hajasikia kwa watu, alimwandikia mwenyewe: Nami nimeweka.

Jibu halikukawia: Karibu dada. Tutazikwa wote.

Hata kucheka hakuweza. Alijilaza na viatu vyake, mchana kweupe.