Mlango wa Bi Mgeni

Bi Mgeni hakuwahi kula peke yake tangu azaliwe. Nyumba yake ya urithi hapo Kariakoo, iliyobanwa na maghorofa kila upande, ina wapangaji, na wapangaji wana watoto. Sinia likitua uani, hakuna anayeuliza huyu wa nani. Kumlisha mtoto mmoja huku mwingine anatazama, kwake yeye, ni aibu ya kufa nayo.

Sasa mjukuu wake Ismail aliharisha, akabaki macho na mbavu. Mama yake, Badria, binti wa Bi Mgeni, hutoka alfajiri kwenda soko la Feri kukaanga samaki, kwa hiyo mtoto hushinda na bibi. Kliniki wakampa paketi za chakula dawa: karanga zilizosagwa laini na maziwa, sukari na mafuta, zinatengenezwa hapa hapa Dar.

"Bibi, hii ni dawa," nesi Severa alimwambia. "Ya huyu tu."

"Haya, mwanangu."

Kufika nyumbani akakata pembe ya paketi, akanusa. Karanga! Hizi hizi zinazoshushwa kwa magunia mtaa wa pili. Mpangaji wake Ritha akalamba kidole, akacheka: "Bibi, mbona hii kashata tu!" Jamani, ingekuwa chupa yenye maandishi ya Ulaya, Bi Mgeni angeifungia kabatini. Lakini karanga? Watoto wamesimama mbele yako? Akamkamulia Ismail kwanza, maana ndiye mgonjwa, kisha Hyasinta wa Ritha, kisha wengine wote. Ikawa hivyo kila siku.

Waliporudi kliniki, Severa alizungusha utepe wa kupimia utapiamlo kwenye mkono wa Ismail. Bado ukasoma nyekundu, rangi ya hatari. Akamgeukia Badria.

"Mama Ismail, niambie ukweli. Paketi umeuza?"

"Sijauza, sista."

"Wapo wanaouza. Mtoto hawezi kula zote zile asiongezeke hata kidogo. Hali ikizidi hivi analazwa, na wengine tunawazika. Unanielewa?"

Badria akalia mbele ya kina mama wote. Bi Mgeni alikuwa kwenye benchi pale pale, kashika kandambili za mtoto. Akajiambia nitasema nje. Nje hakusema.

"Mama," Badria alimwambia njiani, "mimi nauza samaki. Siuzi mwanangu."

Bi Mgeni akaongeza mwendo.

Kesho yake mchana akakata paketi kama kawaida. Hyasinta kanyoosha kiganja: "Bibi, na mimi." Mkono wa Bi Mgeni ukaenda wenyewe. Ndipo alipomwona Ismail akiifuata paketi kwa macho inavyomhama. Hakulia. Hakuwa na nguvu ya kulia.

Akambeba vile vile hadi Feri, katikati ya moshi na kelele za wakaangaji, akasimama mbele ya karai la Badria.

"Waliokula ni watoto wa uani. Niliyewapa ni mimi."

Badria aligeuza samaki mmoja, akageuza wa pili.

"Jana ulisikia naitwa mwizi?"

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, mwanangu."

Jirani wa karai la pili akatania, "Bi Mgeni, leo umekuja kula au kugombana?" Hakuna aliyecheka. Badria akafuta jicho kwa bega, mikono yote ina mafuta. "Twende kliniki. Utamwambia sista kwa mdomo wako."

Akamwambia, mbele ya kina mama wa siku hiyo. Severa alimwomba Badria radhi, akawapa paketi nyingine. Lakini Badria mpaka leo akirudi kutoka kazini humsalimu mama yake, "Shikamoo," anaitikiwa, anaingia chumbani. Zamani walikuwa wanakaa barazani wakipiga soga.

Siku hizi Bi Mgeni huwapikia watoto wa uani uji kwanza, washibe. Kisha humchukua Ismail ndani na kufunga mlango ambao mchana haukuwahi kufungwa. Harufu ya karanga hupenya chini ya mlango.

"Hodi, bibi!" Hyasinta anaita. "Mnakula nini?"

"Kacheze, mjukuu wangu."

"Bibi, umenikasirikia?"

Bi Mgeni anamwinamia Ismail. Anakamua tena. Leo Ismail hakungoja, kamshika mkono, kaivuta paketi mwenyewe, na ilipokwisha akapiga yowe la kutaka nyingine, yowe la kusikika hadi barabarani. Nje Hyasinta naye akaanza kulia. Bi Mgeni akakata paketi ya pili, mgongo kauegemeza mlangoni.