Mwenyekiti Alijifukuza Mwenyewe

Mume wangu hakununuliwa. Nalisema hili kwanza kwa sababu kila nikienda saluni nakuta wameshalisema kinyume: kwamba marehemu alihongwa na wapinzani, akavaa jezi yao, akatimuliwa kama mwizi kwenye tawi la mashabiki wa mpira. Hakuna aliyemtimua. Nilikuwepo, nimesimama mlangoni na sinia la chai.

Alikuwa fundi wa makochi. Kochi likiletwa limebonyea katikati, alilivua kitambaa, akang'oa pini moja moja kwa koleo, akakaza springi na kukata sponji mpya. Mwenye kochi akija kulichukua, alikalishwa kwanza. "Kaa kama uko kwako," angemwambia. "Ukisikia kitu kinakuchoma, sema sasa, usiende kunisema mtaani." Mikono yake ilinuka gundi hata siku za harusi.

Siku za mechi karakana yake iligeuka tawi. Klabu yao ilikuwa ng'ambo, katika nchi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuikanyaga. Mume wangu alitandika nailoni juu ya makochi ya wateja, wenzake wakakaa, na ukutani ikaning'inia bendera ya kijani aliyoishona mwenyewe kwa kitambaa cha makochi. Mimi nimefundisha historia maisha yangu yote, na sikuwahi kuelewa watu wazima wanavyonuniana kwa ajili ya wachezaji wasiojua kama wao wapo duniani. Lakini alikuwa mume wangu. Nilipeleka chai.

Katika mji huohuo wa klabu yao kuna klabu nyingine, yenye jezi za zambarau. Hao ndio waliokuwa maadui. Mume wangu, akiwa mwenyekiti, aliwatungia wenzake sheria: atakayevaa rangi ya hao ametoka tawini, na haulizwi sababu. Alisema kila msaliti huwa na sababu nzuri, kwa hiyo afadhali zisisikilizwe kabisa. Wa kwanza kunaswa alikuwa kaka yangu, dereva wa lori, aliyeingia siku ya mvua na kofia ya zambarau aliyopewa na mteja.

"Shemeji, nilikuwa nalowa!"

"Ungelowa."

Wakakaa muda mrefu hawasemeshani, na mimi katikati, napeleka salamu ambazo hakuna aliyezituma.

Kisha binti yetu, aliyekwenda ng'ambo kusomea upishi, alimaliza masomo akapata kazi. Alipopiga simu kutuambia, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevunja sahani.

"Baba, usikasirike. Ni jikoni kwa klabu."

"Klabu gani?"

"Ile ya zambarau."

Mume wangu aliketi. "Wanakuheshimu?"

"Wananiita mpishi, Baba."

"Basi wapikie vizuri." Akafikiri kidogo. "Ila siku wakicheza na sisi, chumvi ikizidi hakuna atakayekulaumu."

Baada ya hapo kikaja kifurushi, na ndani yake jezi ya zambarau. Wafanyakazi wa jikoni walikuwa wamebandika ukutani picha za wazazi wao wakiwa na jezi za klabu, na binti yetu alitaka ya baba yake. Mume wangu aliifungia kabatini. Kila simu mtoto akaulizia. "Baba, ukuta umejaa. Nafasi yangu tu ndiyo tupu. Wanadhani sina kwetu."

"Ni kitambaa tu," nikamwambia.

"Wewe hujui vitambaa," akanijibu.

Maneno yale ya kutokuwa na kwao ndiyo yaliyomshinda. Asubuhi moja alifunga mapazia ya chumbani, akaivaa, akasimama mbele ya kabati kama mtu anayepigwa picha ya polisi. Nikapiga, nikaituma. Aliivua hata kabla simu haijalia kwamba imefika.

Kule wenyewe wakaipenda. Klabu ikaiweka kwenye ukurasa wake, na jioni ileile kinyozi, katibu wa tawi, alikuwa nayo kiganjani. Wakaitana karakanani.

"Mwenyekiti," kinyozi alisema, "tuambie hii picha ni ya kutengeneza, tunywe chai."

"Si ya kutengeneza."

Kaka yangu, ambaye hakuwa hata mwanachama tena, alikuwa amekuja kutazama. "Shemeji, niulize kidogo. Mvua ilinyesha chumbani?"

Wakacheka mpaka nailoni ikalia. Mmoja akauliza kama ameahidiwa kazi ya kushona viti vya uwanja.

Sentensi moja ingetosha: mwanangu anafanya kazi pale. Watu wale wana mabinti. Nilifungua mdomo niiseme mimi, naye akanitazama. "Mwalimu, chai inapoa."

Kisha akawageukia. "Sheria inasema mtu haulizwi sababu. Sasa mnaniuliza nini? Anayetaka mwenyekiti atoke, anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Akanyoosha yeye, peke yake, vidole vimeganda gundi.

"Mzee, acha utani," kinyozi akasema.

"Shemeji yangu alitoka kwa kofia. Mimi ni jezi nzima."

Akapanda stuli, akaishusha bendera, akaikunja vizuri kama kitambaa cha mteja, akamkabidhi kinyozi.

Tulipobaki wawili nilimwambia kwamba ule haukuwa uaminifu, ulikuwa ukaidi. Akasema kazi ya mtoto wake si udhuru wake, na hawezi kumtanguliza mbele ya watu ili yeye apate kuponea nyuma yake. Nikamuuliza basi mimi nijibu nini mtaani. Akasema nisijibu. Ilikuwa rahisi kwake kusema hivyo. Yeye alishinda karakanani, mimi ndiye niliyepita mbele ya maduka kila siku.

Tawi likahamia kwa kinyozi, kwenye viti vya plastiki. Baadaye kaka yangu alijua ukweli kutoka kwa binti mwenyewe, akawaeleza, wakaja wote wakiwa wadogo kama wanafunzi waliochelewa.

"Ungesema tu, Mwenyekiti. Rudi."

"Niliivaa au sikuivaa?"

"Uliivaa."

"Basi."

Akawauliza kama kile kiti cha kunyolea bado kinayumba, akawafungia mfuko wa skrubu, wakaondoka nao. Hakurudi tawini mpaka alipofariki, na bado nashindwa kumsamehe kwa hilo, kwa sababu wanaojua walinyamaza kwa aibu, na wasiojua ndio walioendelea kusema.

Mechi zote za baadaye alizitazamia chumbani, mlango umefungwa, binti yetu akiwa kwenye simu. Klabu hizo mbili zilipokutana, majirani walisikia kelele zake kupitia ukuta. Mpaka leo wananisimamisha: "Mwalimu, alikuwa anashangilia akina nani?" Nilikuwa nimeketi pembeni yake kitandani, na nawajua aliowashangilia. Chumba kilikuwa chetu. Sisemi zaidi.