Nilivyopima watoto wanne Sapiwi, kumbe ni mtoto mmoja

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Hiki ninachoandika kimenikuta mwenyewe, sijasimuliwa. Chumvi sitaongeza, mambo yenyewe yanatosha.

Nafanya kazi kwenye mradi fulani hapa Bariadi. Jina niacheni nalo, bado nahitaji ugali.

Kazi yangu ni kusimamia wahudumu wa afya wa vijijini, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kuwatembelea wenye watoto wadogo. Wanafundisha kunyonyesha, lishe, usafi, hata kucheza na mtoto. Mimi napita nyuma yao kuhakiki kama kweli wamepita.

Niseme mapema, mimi ni mtu wa checklist. Fomu ikisema andika kwa herufi kubwa, naandika kwa herufi kubwa hadi majina ya bibi zao. Wahudumu walikuwa wananiogopa, na mimi kwa miaka miwili nikadhani wananiheshimu.

Sasa kuna mhudumu mmoja kata ya Sapiwi, tumwite Mama Minza.

Msimamizi aliyenitangulia aliwahi kwenda kwake akakuta nyumba tupu, akampa onyo la maandishi. Ofisini ikapitishwa kwamba akikutwa tena na kaya hata moja ambayo haijatembelewa, anaondolewa. Mimi ndiye niliyetumwa kumhakiki.

Na alijua. Utaratibu unataka nimpigie simu siku moja kabla.

Fomu yetu ina sharti moja gumu. Msimamizi amuone mtoto kwa macho yake, nyumbani kwao, ampime mkono kwa ule utepe wenye rangi. Kishikwambi kinasoma ulipo. Ukiwa mbali na nyumba ya mtoto, kinagoma.

Basi nikafika na pikipiki saa mbili asubuhi. Mama Minza akapanda nyuma, haoo nyumba ya kwanza.

Bibi wa pale akanipokea vizuri. "Mwangaluka baba." Nikajibu "Mwangaluka mayu," Kisukuma changu kikaishia hapo, yeye akaendelea kunisalimia kama dakika tatu hivi.

Mama wa mtoto yuko wapi? Kaenda kisimani. Haina shida, fomu inaruhusu mlezi.

Akaletwa mtoto wa kike anaitwa Limi, miezi minane, gauni la pinki, kibonge, anacheka na kila mtu. Nikampima, utepe ukasoma kijani, sentimita kumi na nne nukta mbili. Safi kabisa.

Nikawasha pikipiki. Mama Minza akasema, "Supervisor, huku hatuondoki kwa watu bila kuonja kitu." Ukaletwa uji wa mtama, kikombe chenyewe ni jagi. Nikanywa.

Nyumba ya pili mama naye kaenda kisimani. Nikawaza, watu wa huku wanapenda maji.

Mtoto ni wa kiume, Masanja, miezi minane, kavaa jezi. Kibonge, anacheka na kila mtu. Kumi na nne nukta mbili.

Wakuu, nilifurahi. Kwenye sehemu ya maoni nikaandika: LISHE YA WATOTO KIJIJINI IKO SAWIA. Wakanishindilia michembe ya viazi vitamu na karanga, ile michembe mikavu ambayo ukitafuna husikii hata ukiitwa.

Nisichokijua ni kwamba barabara ya pikipiki inazunguka korongo, lakini njia ya baiskeli inakatiza. Kila nilipokuwa natafuna, kuna mtu alikuwa anaendesha baiskeli.

Nyumba ya tatu ni ya mapacha, Kulwa na Doto.

Nyie mnaosimamia watoto mnajua, mapacha ndipo data zinapoharibika. Unampima mmoja mara mbili, mwingine unamsahau. Mimi nina dawa yake. Nikimaliza wa kwanza namchora mstari kwenye ukucha wa kidole gumba kwa kalamu ya wino mzito.

Bibi yao akamleta Kulwa kwanza, shati la njano. Doto amelala ndani. Kumi na nne nukta mbili, nikachora ukucha, nikamgeukia Mama Minza: "Huu ndio unaitwa ubora wa data." Mama Minza akakohoa.

Bibi akaingia ndani na Kulwa. Nikasikia purukushani, mtu ananong'ona, mtoto anacheka. Kisha akatoka na Doto, sweta la kijani, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

Kumi na nne nukta mbili. Nikasema moyoni, mapacha bwana!

Nikashika kidole nimchore na yeye. Ukucha una mstari tayari. Na wino wenyewe mbichi, ukanipaka.

Nikamtazama bibi. Bibi akanitazama bila kupepesa. "Baba, hao ni mapacha. Ukimchora huyu, na yule anapata."

Wakuu, naapa, kwa sekunde kama tano hivi nililikubali lile jibu. Na nina diploma.

Kilichoniamsha ni mtoto mwenyewe. Alinicheka jinsi unavyomcheka mtu mnayepishana naye kila siku ofisini.

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Nikakuta baiskeli, na dada mmoja kashika gauni la pinki na jezi. Akapiga goti kidogo, "Shikamoo." Ndiye mama mzazi wa huyo mtoto niliyempima mara zote nne. Mtoto anaitwa Shija, na ni wa kike.

Nilikasirika jamani. Nilijiona mjinga, tena mjinga aliyeshiba. Nikamwambia Mama Minza, "Umekwisha. Naandika sasa hivi, na kazi huna."

Hakunibembeleza. Alisema tu, "Andika. Lakini uwaone kwanza watoto wenyewe, halafu ndiyo uandike."

Tukaenda kama dakika ishirini, mpaka kwenye mashamba ya pamba.

Mama zao wote walikuwa kule. Siku hizo yalitokea mawingu yasiyo ya msimu, na pamba iliyopasuka ikinyeshewa inachafuka, daraja linashuka, mwaka mzima umeliwa. Hakuna ambaye angebaki nyumbani kunisubiri mimi na utepe wangu. Limi halisi alikuwa mgongoni kwa mama yake. Masanja halisi alikuwa amelala juu ya gunia la pamba. Mapacha walikuwa kwenye kivuli cha turubai.

Mama wa mapacha akaniambia bila kuacha kuchuma: "Mama Minza huwa anakuja hukuhuku. Anashika mstari wa pembeni yangu, tunachuma wote, ananiuliza mtoto kala nini, kanyonya mara ngapi. Mstari ukiisha na maongezi yameisha. Angenisimamisha nisingemsikiliza."

Nikampima Doto. Utepe ukasoma njano, yaani lishe yake iko chini.

Nikashtuka, nikadhani nimemkamata mhudumu kwa kosa kubwa zaidi. Mama yake akatoa kadi kwenye mfuko wa plastiki. Mama Minza alishampeleka zahanati wiki mbili nyuma, na uzito umeanza kupanda. Baadaye nilienda zahanati mwenyewe kuhakikisha. Ni kweli.

Nikamuuliza Mama Minza kwa nini hakunileta huku tangu asubuhi. "Yule mwenzako nilimleta. Akasema fomu inataka nyumba. Ndiyo nikapewa ile barua."

Nikawapima wote wanne palepale. Namba nne tofauti, kama inavyotakiwa kwa watoto wanne. Kishikwambi kikajibu kwa wekundu: UKO NJE YA KAYA. KAYA HAIJATEMBELEWA.

Zile za asubuhi, za Shija, zilikuwa zimekaa kijani tupu zikisubiri kutumwa.

Nikampigia bosi. Nikamweleza kwamba watoto nimewakuta shambani na mama zao, na mhudumu anafanya kazi nzuri kuliko wote ninaowasimamia.

"Nyumbani umewakuta au hukuwakuta?"

"Shambani, bosi."

"Shamba halimo kwenye fomu. Andika haijatembelewa, tumalizane na huyo mama." Akakata.

Nikamtafuta Mama Minza. Alikuwa amesharudi kwenye mstari, kanipa mgongo, anachuma kwa kasi. Mpaka vitumba ambavyo havijapasuka alikuwa anaving'oa. Roho iliniuma kweli.

Nikafuta za shambani. Nikatuma za Shija.

Ndiyo, wakuu. Mtu wa checklist nilituma watoto wanne wenye mkono mmoja.

Kila taarifa niliyowahi kupeleka ilirudi na maswali, mara tarehe, mara sahihi. Hii haikurudi. Bosi aliionesha ukutani kwenye kikao, akawaambia wenzangu wajifunze.

Mama Minza yuko kazini mpaka leo. Mimi msimu wa pamba namfuata shambani, nashika mstari wangu. Nachuma vibaya, wananicheka.

Nilichojifunza ni kwamba mhudumu akikudanganya, kabla hujamfukuza muulize alijaribu kukwambia ukweli lini, na nani hakumsikiliza. Barua ya kuomba neno shamba liongezwe kwenye fomu nimeandika. Nimejibiwa litajadiliwa.

Haya, uwanja wenu, chapeni. Wale mtakaokuja na "ungesema ukweli", ukweli niliusema, kwa sauti, kwenye simu. Nikaambiwa haumo kwenye fomu.